Usiisafishe roli ya pili bado

Arusha, Jumapili jioni

Ndugu yangu Elibariki,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa bibi. Huku wote wazima, baridi tu ndiyo imetukamata. Baba Glory alifikisha bahasha yako jana, haina hata mkunjo. Naandika haraka ili barua iwahi basi la asubuhi, kwa sababu ya ule mstari wako wa mwisho: kwamba Jumatano utaisafisha roli ya pili ya filamu, ya zile picha za kilele cha Kibo ulizopiga usiku wa mbalamwezi, kwa dakika 15 badala ya saba na nusu, ili msitu wa chini ya Kibo utokeze, maana kwenye roli ya kwanza haukutokeza. Nakuomba usifanye hivyo. Kama dawa ya kusafishia umeshaikoroga, ijaze kwenye chupa hadi shingoni, uifunge vizuri. Siku chache haitaharibika.

Negativu zako za roli ya kwanza nimezibandika kwenye kioo cha dirisha. Ukitaka kujua kosa liko wapi usianze na picha, anza na pembezoni mwa filamu, pale penye jina la filamu na namba. Maandishi yale yalipigwa mwanga kiwandani, kwa hiyo yanapima dawa peke yake. Yakiwa hafifu, dawa ilikuwa imechoka, baridi, au muda ulipungua. Ya kwako ni meusi tii, kingo zake zimekatika safi. Dawa yako haina kosa. Sasa tazama ndani ya fremu: taa za mjini ni nyeusi na zina duara la ukungu, theluji ni kijivu chepesi, na msitu ni mweupe kama ile nafasi tupu kati ya fremu na fremu. Hapo mwanga haukutosha, basi.

Na mwanga usipotosha, dawa haina pa kuanzia. Filamu ni jelatini iliyojaa fuwele za bromidi ya fedha zenye iodidi kidogo, kila moja kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiipiga fuwele inang'oa elektroni, elektroni inanasa kwenye doa dogo la salfaidi ya fedha, ayoni ya fedha inavutwa pale, na inapatikana atomu moja ya fedha. Wanafizikia Gurney na Mott walilieleza hilo mwaka 1938. Lakini atomu moja haitoshi. Zikifika kama nne mahali pamoja, dawa inaishika fuwele hiyo na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi, mabilioni ya atomu kwa sababu ya zile nne. Fuwele ambayo haikufikisha, dawa inaipita, kisha fiksa, ile dawa ya mwisho, inaiyeyusha na kuiondoa.

(Yale madoa ya salfaidi yana habari yake, utaipenda wewe mfugaji. Mwaka 1925 Samuel Sheppard, wa maabara ya Kodak kule Rochester, alionyesha kwamba jelatini fulani, ambazo hutokana na ng'ombe, zinafanya filamu iwe kali, ishike mwanga upesi, kwa sababu zina salfa kidogo inayotokana na mafuta ya haradali, yaani ya majani waliyokula ng'ombe hao.)

Kwa hiyo dakika 15 zitaongeza weusi pale tu palipokwisha kupata: taa zitazidi kuwa nyeusi, theluji itapanda, na hata fuwele ambazo hazikuguswa na mwanga zitaanza kugeuka zenyewe na kuleta ukungu filamu nzima. Msitu utabaki vilevile.

Najua utasema: lakini nilipiga hesabu! Ulipiga, na ni sahihi. Kwa filamu ya kasi ya 400, lenzi iliyofunguliwa f/4 na mwezi mpevu, sekunde 60 ndizo hata mimi ningeandika. Tatizo ni kwamba filamu haihesabu muda kama saa. Ile atomu ya kwanza haina nguvu. Ikikaa peke yake sekunde chache inavunjika, elektroni inarudi kutangatanga. Juani fotoni zinafuatana upesi, atomu ya pili inafika kabla ya kwanza kupotea. Kwenye mbalamwezi zinakuja kwa kusubiriana, ni kama kujaza ndoo iliyotoboka kwa bomba linalodondosha. Mwanaastronomia Karl Schwarzschild aliandika kanuni yake mwaka 1900 kwa ajili ya picha za nyota. Kwa HP5 Plus, hiyo filamu yako, Ilford wanaoitengeneza wanasema: muda ukizidi sekunde moja, uupandishe kwa kipeo cha 1.31. Sekunde 10 zinakuwa 20, sekunde 30 zinakuwa 86, na zile 60 zako zinakuwa 213, dakika tatu na nusu! Kwa maneno mengine, sekunde 60 ulizotoa filamu ilizipokea kama 23 hivi. Na msitu, wenye mwanga mdogo kuliko theluji, ndio ulioumia zaidi, ndiyo maana picha imekuwa ngumu, nyeusi na nyeupe bila kijivu cha kati, hata kabla ya kuongeza muda wa dawa.

Basi roli ya pili, kwa kuwa ulipiga kwa sekunde zilezile, isafishe kwa dawa ya ID-11 isiyoongezwa maji, dakika 7 na nusu, digrii 20. Geuza tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo, halafu mara nne kila dakika inapoanza. Maji ya huko kwenu yakiwa digrii 24 muda unashuka hadi kama dakika tano na kidogo, na chini ya tano filamu hutoka na mabaka. Afadhali uweke chupa ya dawa kwenye beseni la maji ya barafu mpaka ishuke. Theluji utaipata. Msitu wa roli hiyo usahau.

Tupange ya mwezi mpevu ujao. Fungua lenzi f/2.8, pana kuliko f/4, weka shata kwenye B ili ikae wazi muda unaotaka, dakika moja na nusu. Halafu rudia kwa dakika tatu, filamu ni rahisi kuliko safari nyingine. Nyota zitavutika kidogo. Usiache ipite hadi Desemba: miezi hii mwezi mpevu unapita kusini, nyuma ya mgongo wako ukitazama Kibo kutoka Moshi, unaangaza barafu ya upande wetu. Desemba unapita kaskazini, na upande huo unabaki kivulini. Na zile taa za mjini zitoe kwenye fremu, panda kidogo hadi Uru, juu ya mji.

Lenzi yako ya f/2.8 bado inafunguka yote, au ule ukungu wa ndani umerudi? Waya wa kufyatulia unao, au unabana shata kwa kidole? Filamu zilizobaki unaziweka kwenye friji au bado ziko kwenye droo ya juu, na tarehe ya boksi inasomaje? Shemeji amesharudi kazini? Nami nije Ijumaa ile na stendi nzito, au ya Mushi itatosha?

Wako,
Joeli