Kibofu cha aliyeumia mgongo kisiachiwe pampasi

Mhariri,

Aliyeumia uti wa mgongo hufundishwa kuendesha kiti cha magurudumu, lakini kwa upande wa kibofu mara nyingi huambulia pampasi tu. Ni kosa. Mara nyingi kibofu hicho hujikaza ovyo huku mlango wake umebana. Mkojo ukikosa njia hurudi juu na kuharibu figo kimyakimya.

Kwa wengi, kinachofaa ni kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa 4 hadi 6. Nawa mikono kwa sabuni, safisha tundu la mkojo, paka jeli, ingiza taratibu mpaka mkojo utoke; uishe kabisa ndipo uchomoe. Mkojo ukizidi mililita 500 kwa mara moja, umechelewa. Na wanaojinyima maji wasilowe hujiletea choo kigumu, ambacho hukichokoza kibofu zaidi.

Dawa ya oksibutinini hutuliza mikazo ya kibofu, ila hukausha mdomo, hufunga choo, na wazee huwavuruga akili.

Aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu akiumwa kichwa ghafla na kutokwa jasho, presha inapanda: mketishe wima, legeza nguo, toa mkojo. Mwenye mpira wa kudumu, tazama kwanza kama umejikunja.

Wauguzi wa majeruhi wa mgongo,
Moshi