Picha ya Kifua Imetoka Safi, Kwa Nini Tena Upulize?

Lawama hii haituishi sisi tunaopima mapafu kwa spirometria, kipimo cha kupuliza hewa kwenye mashine: "Picha imetoka safi, nyie mnataka nilipie na kupuliza. Huo si wizi?" Aliyeitoa mara ya mwisho ni fundi wa kuchomelea, mvutaji wa sigara tangu ujanani. Aliondoka na hasira zake, nasi tunamjibu hapa kwa sababu wenye swali lake ni wengi.

Picha huonyesha umbo la mapafu. Hewa inavyotoka haionyeshi. Njia za hewa zaweza kuwa zimebana hata ngazi zinakushinda, na picha isiseme kitu. Kile kifaa cha kubana kidoleni nacho husoma oksijeni ya kawaida mpaka ugonjwa uwe umekwenda mbali.

Spirometria hupima hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza, ikalinganishwa na yote uliyotoa. Ikiwa chini ya asilimia 70 ya hiyo yote hata baada ya dawa ya kutanua njia za hewa, hapo pana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa wa kufuatiliwa. Dawa hiyo ndiyo inayowakera wateja: unavuta salbutamoli, unangoja dakika 15, unapuliza upya. Wengi hutusihi tuiruke wawahi kazini. Hatuiruki. Fundi mmoja wa kupaka rangi alirushwa hatua hiyo kwingine, akaandikiwa ugonjwa sugu, akanunua dawa miezi mingi. Kwetu, baada ya dawa, kifua kilifunguka kabisa, na daktari wake akathibitisha kuwa ni pumu. Hesabu mwenyewe alichookoa.

Na bei? Kila asubuhi mashine huhakikiwa kwa bomba la kusukuma hewa la lita 3, na kila mteja ana kichujio kipya. Tunataka mipulizo mitatu mizuri, miwili mikubwa isipishane zaidi ya mililita 150. Mpulizo uliokatwa na kikohozi hatuuhesabu, hata ukichoka.

Tukiuliza kazi zako zote za nyuma, usituone wambea. Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la visababishi vya saratani. Asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya mapaa ya zamani, ikikutana na sigara, hatari ya saratani ya mapafu hupanda mno, na hapo daktari huenda akataka CT, picha ya kina zaidi ya mapafu. Ukificha sigara, majibu yatasomwa vibaya kwa hela yako mwenyewe.

Usivute sigara angalau saa moja kabla ya kipimo, usije umeshiba sana, na kama unatumia dawa ya kuvuta, tuambie unapopanga siku.