Mawe yaliyong'arishwa yapangiwe kazi hapa Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mawe yetu, hasa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwa kuwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Kampemba, utakuta bakuli, chupa au mfuko wa mawe yaliyokwisha kusuguliwa na kung'arishwa ambayo hayana kazi yoyote. Aliyeyang'arisha alitumia nguvu, maji, msasa na umeme ambao haupatikani kila siku, kisha mawe yalipoanza kung'aa akayaweka kando akimngoja mnunuzi. Mnunuzi akija huyapima kwa kilo na kuyabeba, na hakuna anayebaki na habari ya chimbo yalikotoka. Mimi ni mwalimu wa kemia na huwafundisha vijana wa mtaa wetu kung'arisha mawe baada ya masomo. Ninaloomba ni kwamba kila jiwe linalong'arishwa katika mji huu lipangiwe matumizi kabla halijaanza kusuguliwa, na asili yake iandikwe kabla halijaondoka mikononi mwa fundi.

Matumizi ya jiwe hutegemea kwanza ugumu wake. Katika kipimo cha Mohs, ambapo almasi imepewa 10, kwatzi, jiwe gumu linalofanana na kioo, na akiki zina takribani 7, na malakiti ina kati ya 3.5 na 4 tu. Kwa sababu hiyo kwatzi huweza kuzungushwa ndani ya pipa la mashine kwa muda wa mwezi hivi, kwa unga mgumu wa kusugulia uitwao silikoni kabidi, unaobadilishwa kutoka chenga kubwa hadi laini, lakini malakiti ikitiwa katika pipa hilohilo italiwa na majirani zake. Tofauti hiyo huendelea hata baada ya mawe kutoka pipani. Vumbi linalotanda juu ya meza zetu wakati wa kiangazi lina chembe za kwatzi ndani yake, na kila mara pete ya malakiti inapofutwa kwa kitambaa kikavu, chembe hizo huikwaruza hadi mng'ao wake unafifia. Kwa hiyo nawashauri vijana wetu watumie malakiti kwa hereni, vidani na vifuniko vya visanduku, yaani vitu visivyogongwa wala kusuguliwa mara kwa mara, na kwatzi au akiki waziache kwa pete, bangili na vishikio vya droo.

Jambo la pili ni kemia, nami nalisisitiza kwa sababu linahusu afya za watu. Malakiti ni kabonati ya shaba, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba yenyewe. Siki au maji ya ndimu yakiigusa, huanza kuyeyuka na kupoteza mng'ao papo hapo, kwa hiyo isitengenezwe sahani ya matunda wala kikombe, hata kama mnunuzi atalipa vizuri. Wapo pia watu wanaotia mawe yaliyong'arishwa katika chupa ya maji ya kunywa wakiamini kwamba yataongeza nguvu mwilini. Kwa malakiti wasifanye hivyo kabisa, kwa kuwa shaba inayoyeyuka humo haifai kunywewa. Wanaofuga samaki wa mapambo nao wasiiweke katika tangi lao, maana shaba kidogo tu ndani ya maji inatosha kuwadhuru samaki na konokono. Kwatzi na akiki safi hazina taabu hiyo, na kwa kweli chini ya maji hupendeza kuliko zikiwa mezani.

Naja sasa kwenye matumizi ambayo naamini yangewafaa mafundi wetu kuliko mengine yote, yaani kazi ya vipande vidogo. Kila karakana ya malakiti hapa mjini ina lundo la vipande vilivyobaki baada ya kukata yai, kisanduku, mnyama au kete za sataranji, na vipande hivyo hung'arishwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, au hutupwa kweli. Lakini malakiti iliyosifiwa sana katika majumba ya wafalme wa Urusi, iliyochimbwa katika milima ya Ural, ilitumiwa kwa njia ambayo mafundi wetu wangeielewa mara moja. Baada ya Kasri la Majira ya Baridi la St. Petersburg kuungua mwaka 1837, kilijengwa humo chumba chenye nguzo za malakiti, na vyombo vingine vikubwa vya nchi hiyo huonekana kana kwamba vimechongwa katika jiwe moja. Kwa kawaida kinachoonekana ni tabaka jembamba tu: mafundi walikata malakiti kuwa vibao vya milimita chache, wakavipanga kwa uangalifu ili mistari ya kipande kimoja iendelee katika cha pili, wakavibandika juu ya jiwe la bei nafuu au chuma, wakajaza nyufa kwa unga wa malakiti uliochanganywa na gundi, ndipo wakang'arisha uso wote kwa pamoja hata maungio yasionekane. Sioni kwa nini meza ndogo, fremu ya kioo, au bango la jina la shule lisitengenezwe hivyo hapa Lubumbashi, ambako jiwe lenyewe lipo na mikono iliyozoea kulikata ipo.

Tahadhari zifuatwe, bila shaka. Malakiti ikatwe na kusuguliwa ikiwa imelowa, na fundi avae barakoa, kwa kuwa vumbi lake ni sumu kwa mapafu na tumbo. Tope linalobaki lisimwagwe katika bustani ya mboga, na lile la silikoni kabidi lisimwagwe katika bomba, kwa maana huganda humo na kuziba. Liachwe litulie katika ndoo, maji ya juu yatumiwe tena kukatia, na mashapo yazikwe mbali na kisima.

Kwa upande wa shule, ombi langu ni dogo. Kila shule ya sekondari ya mji huu ingeweza kuwa na sanduku la mawe ya Katanga ambamo kila jiwe lililong'arishwa limelazwa kando ya mwenzake mbichi wa aina ileile, pamoja na karatasi yenye jina la jiwe, mahali lilikookotwa, mwaka, na jina la aliyelitoa. Mwanafunzi anayeziona malakiti na mawe mengine ya shaba kama azuriti na krisokola katika hali zote mbili ataelewa somo la shaba upesi kuliko yule anayesoma ubaoni tu. Hapo niongeze onyo kwa wanaopenda kung'arisha kila kitu: fuwele zilizo nzima, pamoja na malakiti yenye nyuzinyuzi kama mahameli, zisiguswe na msasa, kwa sababu uzuri na thamani yake vimo katika umbo zilizozaliwa nalo. Na mawe yanayosemekana yametoka Shinkolobwe yasiingie darasani wala karakanani. Chimbo hilo la urani lilifungwa rasmi mwaka 2004, na baadhi ya mawe yake ya kijani na ya manjano, ambayo macho matupu yanaweza kuyadhania kuwa ya shaba, yana mionzi; kuyasugua ni kuyageuza kuwa vumbi la kuvutwa kifuani.

Karatasi hiyo ya asili ina faida sokoni pia. Siku hizi malakiti bandia ya plastiki imeenea duniani, mistari yake ikiwa imenyooka na kulingana kupita kiasi, na mnunuzi wa mbali ana haki ya kutilia shaka kila kitu cha kijani anachoonyeshwa. Kidani kinachouzwa pamoja na maandishi ya fundi kwamba jiwe lake limetoka Kambove au Kolwezi na limekatwa Lubumbashi ni bidhaa tofauti kabisa na kilo ya mawe ndani ya mfuko, na bei yake nayo itakuwa tofauti.

Kwa hiyo nawaomba wasanifu majengo na wakuu wa shule wanaosoma gazeti hili waagize kwa mafundi wetu angalau bango moja la vipande vya malakiti, liwekwe ndani, mahali pasipofikiwa na mvua, na mafundi waliolitengeneza waandikwe majina chini yake. Vijana ninaowafundisha wako tayari kupanga na kubandika, na vipande tunavyo vya kutosha kuanza.

Pokea, Bwana Mhariri, salamu zangu za heshima.

Mwalimu wa kemia,
Katuba, Lubumbashi