Barua kwa mwanangu: Mtu akianguka Kariakoo

Mwanangu Rajabu,

Salamu nyingi sana. Sisi huku Muheza wazima wa afya, baba yako yupo na cherehani yake kama kawaida. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia. Unasema mzee mmoja alianguka Mtaa wa Msimbazi wakati wa kufungua maduka, watu wakampita, wengine wakamruka miguu, na wewe ukapita kwa kuwa ulikuwa umechelewa dukani. Halafu ukaniuliza, "Mama, hivi watu wa Dar hawana roho?" Nimeona nikuandikie, maana mimi nimefanya uuguzi maisha yangu yote nikipokea watu waliookotwa njiani, na mara nyingi mno mtu aliletwa saa nzima baada ya kuanguka mahali penye watu tele.

Roho wanazo, mwanangu. Kinachowashinda ni mambo mengine.

Huku kwetu mtu akianguka sokoni, kabla hajatua chini ameshapatikana wa kusema ni mtoto wa fulani wa Majengo. Anayekujua hawezi kukupita, kesho mtakutana msibani. Dar kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 5.3. Ukitaka kumtazama usoni kila unayepishana naye Kariakoo, utafika kazini jioni. Basi mtu wa mjini hujifunza kutotazama ili siku yake iende, na jicho likishazoea kupita, hupita hata pale ambapo lingesimama.

Lakini hilo peke yake halitoshi kueleza ulichokiona. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa saikolojia huko New York, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio linalonigusa sana kwa sababu linahusu kifafa. Walimweka mwanafunzi chumbani peke yake, akawa anazungumza na wenzake kwa kipaza sauti, kila mmoja chumba chake. Mara mwenzake mmoja akaanza kubabaika, akasema anashikwa na kifafa, akaomba msaada, kisha kimya. Ilikuwa sauti ya kwenye kanda, ila yule mwanafunzi hakujua. Walioamini ni wao pekee waliosikia, 85 katika kila 100 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini wako wengine wanne wanaosikia, walitoka 31 tu. Na sasa sikiliza hili: wale waliobaki ndani, wengi walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho. Hawakuwa wametulia hata kidogo. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwingine. Na pale ambapo watu wanaonana, kila mmoja huuona utulivu wa wenzake kama ushahidi kwamba labda hakuna jambo.

Ndivyo ilivyokuwa pale Msimbazi. Wewe ulitazama watu wanapita, ukadhani wanajua kitu usichokijua. Na wao walikutazama wewe.

Jaribio lile lilitokana na kifo cha Kitty Genovese, binti aliyechomwa kisu karibu na kwake huko Queens, New York, Machi 1964. Gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye chochote, na mpaka leo utasikia watu wakilitaja tukio hilo kama kithibitisho kwamba mji huua utu. Baadaye ilibainika kwamba habari ile ilitiwa chumvi mno. Wengi walisikia kelele tu. Mwanamume mmoja alifoka kutoka dirishani, muuaji akakimbia kwa muda. Jirani mmoja mwanamke alishuka usiku uleule, akampakata akiwa anakata roho. Huyo hakuandikwa. Na mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wao wa kanda 219 za kamera za mitaani zinazoonyesha ugomvi huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 9 kati ya 10, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na palipokuwa na watu wengi, ndipo ilipokuwa rahisi zaidi kupatikana wa kusaidia. Kwa hiyo usiwachukie watu wa mji, nakuomba.

Mimi nadhani tofauti iko hapa: ugomvi unajieleza. Mtu aliyelala kimya kando ya njia hajielezi. Amechoka? Amelewa? Ni kichaa? Anaumwa? Na jibu jepesi kuliko yote ni "huyo kalewa."

Neno hilo limeua watu. Nilishawahi kuletewa fundi mmoja wa baiskeli, kalazwa kwenye mkokoteni, shati limelowa jasho chapachapa, ulimi mzito, anatukana. Waliomleta walisema wamemwacha pale chini ya mwembe tangu asubuhi kwa kuwa walijua ni pombe za jana. Ilikuwa sukari imeshuka. Alikuwa amejidunga sindano yake ya kisukari alfajiri, hakupata cha kula. Tulimpa dripu yenye sukari, na kabla hatujamaliza kuandika jina lake akakaa kitako akauliza kofia yake iko wapi. Angeachwa mpaka adhuhuri asingeuliza. Mtu mwenye kiharusi naye huyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Aliyetoka tu kwenye degedege la kifafa huonekana kapumbaa kama mlevi. Na hata anayenuka pombe kweli anaweza kuwa amepasuka kichwa wakati wa kuanguka. Mwaka 1969 ilichapishwa taarifa ya jaribio kwenye treni za chini ya ardhi za New York: mtu alijiangusha mara nyingi, mara nyingine ameshika fimbo ya kutembelea, mara nyingine ananuka pombe na chupa mkononi. Mwenye fimbo alisaidiwa mara 62 kati ya 65, bila mtu yeyote kuombwa. Mwenye chupa, mara 19 kati ya 38.

Halafu haraka. Huko Princeton, Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1973, wanafunzi 40 wa uchungaji walitumwa jengo la pili, na njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana nafasi, 63 katika 100 walisimama. Walioambiwa wamechelewa, 10. Nusu yao walikuwa wanakwenda kuzungumza juu ya Msamaria Mwema! Wako waliomruka kabisa wakaenda kuhubiri. Sikuelezi haya ili uone umepata kisingizio. Nakueleza ili ujue kwamba asubuhi yoyote utakayokuwa unaikimbilia saa ya dukani, ndiyo asubuhi ambayo macho yako hayaaminiki.

Kuna na hofu, na hofu za mjini si za kijinga. Namjua dereva wa bajaji aliyempakia majeruhi wa pikipiki, siti ikajaa damu, akamfikisha. Akashikiliwa kituoni hadi usiku akiulizwa yeye ndiye aliyemgonga au vipi, hesabu ya tajiri ikampita. Leo akiona ajali anakata kona, na mimi siwezi kumlaumu. Kuna habari ya PF3 pia, ile fomu ya polisi, watu wanaamini bila fomu hiyo majeruhi hapokelewi. Serikali imesema mara kadhaa kwamba majeruhi aliye taabani atibiwe kwanza, fomu ifuate. Sema hivyo hivyo pale mapokezi, kwa upole, na usiondoke. Kuna matapeli wanaojifanya wagonjwa. Na kuna hatari kubwa kuliko zote: ukianza kumpapasa mtu mifuko kutafuta simu ya ndugu zake, mtu mmoja akipiga kelele za mwizi, umekwisha.

Kwa hiyo, usiwe peke yako. Simama, na palepale mteue mtu. Usiseme "jamani msaidieni," maana jamani ni kila mtu na kila mtu ni hakuna. Sema, "Kaka mwenye fulana nyekundu, niitie bajaji. Dada, shika begi lake hapa tulione sote." Ukimtaja mtu, umemwondolea mashaka, na wengine wataanza kuja wenyewe. Begi lako liwe mbele. Ukitaka kutoa simu mfukoni mwa mgonjwa, tangaza kwa sauti unachofanya na mwenzako ashuhudie. Usimfuate uchochoroni wala kumpandisha gari mkiwa wawili tu.

Mwite kwanza, mguse bega. Kama ni kifafa, sogeza mawe na vitu vigumu, mwekee nguo chini ya kichwa, legeza kola. Usimbane mikono, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Degedege likiacha, mlaze ubavu. Tazama saa: zikipita dakika 5 bado anatingishika, hospitali mara moja. Na yale ya kwamba mate yake au ushuzi wake unaambukiza, ni uongo. Huku kijijini uongo huo umewaacha watu wakaungua motoni na wakazama mtoni huku majirani wamesimama kando, kwa hiyo usidhani sisi wa huku ni wema kuliko nyinyi. Kama anaongea na anaweza kumeza, na unahisi ni sukari, mpe soda ya kawaida. Kama hajitambui, usimpe hata maji.

Hutaweza kumsimamia kila mtu, mwanangu, na sikutumi hivyo. Lakini anayelala chini bila kutikisika, uliza. Kuuliza tu. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote, na mimi naichukua aya ile kama ilivyo.

Namba ya dharura, 112, iweke kwenye simu, pamoja na ya dereva mmoja wa bajaji unayemwamini hapo karibu na duka. Mzungumze mapema, mkubaliane kuhusu nauli, ili siku ya siku usianze kutafuta. Nimempa kondakta wa basi la saa nne furushi lako: machungwa, kanzu uliyoisahau, na boksi la glavu. Glavu jozi mbili zikae kwenye begi la kazini, zilizobaki wagawie vijana wenzako wa dukani uwaonyeshe na jinsi ya kumlaza mtu ubavu.

Ni mimi mama yako,
Mama Rajabu