Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: "Kafiri" na "mpagani" kwenye vipaza sauti

Mheshimiwa Waziri,

YAH: NAMNA TUNAVYOWAITA WASIO WA IMANI YETU

Pokea salamu zangu. Nakuandikia wewe, na si mashehe wala maaskofu, kwa kuwa Msajili wa Jumuiya yuko chini ya wizara yako, na polisi wanaoitwa mambo yakishaharibika ni wako.

Kero yangu ni maneno. Mtaani kwetu wiki hii kuna mhadhara, majirani wanaitwa makafiri. Wiki ijayo, uwanja uleule, kuna mkutano wa injili, na majirani wengine wanaitwa watu wa giza, waabudu majini. Watoto wanasikia yote.

Sikuombi uingilie mafundisho. Neno kafiri limo ndani ya Qur'ani na wanazuoni wana elimu yake ndefu. Mayahudi na Wakristo wana jina lao humo pia, Watu wa Kitabu. Biblia nayo ina "mataifa", yaani wasio Wayahudi. Mwalimu akiyafafanua hayo mbele ya wanafunzi wake, anasomesha. Lakini kumwita kafiri mama anayejipitia na beseni lake la mihogo, kwa spika inayosikika mtaa wa tatu, ni kumtukana, hata kama neno limetoka kitabuni.

Na wapo wanaotukanwa na pande zote mbili huku wao hawana spika: wanaoshika mila za wazee. Shangazi yangu hajabatizwa wala hajasilimu. Ndiye aliyemlea baba yangu baada ya mama yao kufariki. Siku tunamzika baba, mhubiri alishika kipaza sauti akasema humu msibani wamo wapagani, na hao wajue kwamba na marehemu ndiyo basi tena, hawataonana. Shangazi hakujibu kitu. Aliinuka mkekani, akajifunga khanga yake vizuri, akaenda uani kusugua masufuria. Makaburini hakufika. Dada mtu hakutupia udongo kaburi la mdogo wake, kwa sababu ya neno moja.

Neno hilo lipo hata kwenye meza za Serikali. Nimemsikia karani akimuuliza mzee: "Mwislamu, Mkristo au mpagani?" Sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, na tunasema kila siku kwamba Serikali haina dini. Basi karani wake asiwe na jina la dharau kwa imani ya raia.

Utaambiwa kwamba maneno haya hayaguswi kwa kuwa ni ya dini. Wenye dini wenyewe wameshayagusa. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliliondoa kwenye sala ya Ijumaa Kuu neno la kuwadhalilisha Wayahudi lililokuwa likisomwa kwa karne nyingi. Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatamka kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Na mwaka 2019, mjini Banjar, Java Magharibi, maulamaa wa Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa kabisa ya Waislamu Indonesia, walikubaliana kuwa katika mambo ya nchi asiye Mwislamu asiitwe kafiri. Aitwe raia, sawa na wao. Hawakufuta aya hata moja. Walitazama tu neno lipi linafaa msikitini na lipi linafaa barabarani, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Sheria tunayo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Ila sisi huwa tunaamka damu ikishamwagika. Oktoba 2012 ugomvi wa watoto juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kuchomwa Mbagala, Dar es Salaam. Februari 2013, kule Buseresere, Geita, mchungaji aliuawa kwenye mzozo wa nani achinje wanyama wa kitoweo, Mwislamu au Mkristo. Chuki ya namna hiyo haioti siku moja. Mtu hujengewa kwanza jina baya, halafu kumpiga kunakuwa kwepesi.

Sitaki mahabusu zijae wahubiri. Ninachoomba ni uwaite viongozi wa dini zote, na wazee wa mila wawemo, wakubaliane wenyewe maneno yasiyofaa kutamkwa hadharani. Makubaliano hayo mkuu wa kituo amsomee kila anayekuja kutoa taarifa ya mkutano au mhadhara, kabla spika hazijafungwa. Atakayeyavunja, kiongozi wake aitwe ndani ya wiki hiyohiyo, asisubiriwe hadi watu washike mawe.

Na makarani waelekezwe kuandika "dini ya jadi", au waache nafasi wazi kama mwenyewe hapendi kusema.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi, Morogoro