Ncha za kamba zitakuambia

Moshi, Juni

Mwanangu mpendwa,

Nyasi za Rhodes huko Sanya Juu zimeanza kutoa maua, kwa hiyo siku si nyingi utakata. Mashine zijaribu uani kwanza, angalau siku mbili kabla. Bolti ikikatika uani unaenda dukani. Ikikatika shambani, nyasi zimelala chini na wingu linakuja.

Moa, mashine ya kukatia nyasi, haina maneno mengi. Visu vya ngoma moja, ile inayozunguka navyo, vibadilishe vyote kwa pamoja. Kipya kikikaa na kilicholika, ngoma inatetemeka na beringi zinakufa. Kila kisu kicheze huru kwenye bolti yake, ili kikigonga jiwe kirudi nyuma, na mawe ya huko unayajua. Kata sentimita 7 hadi 10 kutoka ardhini. Chini ya hapo unazoa udongo na shina linachelewa kuchipua. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, ikivutika hadi mwisho wa safari yake, vipande viwili vibaki vimeingiliana walau theluthi moja. Ukiwasha, watu wakae mbali, pazia la moa likiwa limeshuka.

Mashine ya kufunga marobota ya nyasi ndiyo inayotaka subira. Zima trekta, toa ufunguo uweke mfukoni, kisha zungusha lile gurudumu zito kwa mkono, upande linakozunguka likifanya kazi. Pistoni ikipita, tazama kisu chake na kile kilichofungwa kwenye chemba: nafasi kati yao isizidi milimita 1, wala visigusane. Nafasi ikiwa kubwa, nyasi zinavutwa badala ya kukatwa, na robota linatoka na manyoya upande mmoja. Halafu achia mkono wa kufunga, endelea kuzungusha taratibu, uone sindano zinazoleta kamba zikipanda. Zipite katika mifereji ya pistoni bila kugusa chuma. Zikigusa, usiwashe mpaka umezipanga upya kwa kufuata kitabu cha mashine. Mikono ya mtu mwingine isiwe ndani hata kidogo wakati huo.

Bolti ya usalama kwenye gurudumu hilo imetengenezwa laini kwa makusudi. Ikikatika mara kwa mara, tafuta kinachoikata. Fundi akikushauri uweke bolti ngumu, mkatalie. Kitakachovunjika baadaye ni sindano au giaboksi.

Sasa fundo. Mashine iliyolala msimu mzima hushika kutu kwenye ile ndoano inayosuka fundo, na kamba ya katani haitelezi juu ya kutu. Ipitishe msasa laini mpaka ing'ae, futa vumbi, weka grisi kwenye nipo pekee, vile vichuchu vya kuingizia grisi. Kisha funga marobota matano ya majaribio na uokote kila kamba iliyoshindwa. Ncha iliyochakaa na kuchanika: kisahani kinachoshika kamba kimekazwa mno, au kisu cha kamba ni butu. Fundo upande mmoja tu, na ncha ya pili nzima kabisa: kamba imechomoka, ama kile kisahani kimelegea, ama sindano haikuileta mahali pake. Fundo lililofungwa likang'ang'ania kwenye ndoano hadi likakatika: mkono wa kulivua haugusi vizuri. Rekebisha kitu kimoja, robo mzunguko wa nati, ujaribu tena. Ukigeuza nati tatu kwa mpigo hutajua ipi iliyoponya.

Robota liwe na mapande 12 hadi 18, yale matabaka yanayoachana ukikata kamba. Yakiwa machache, unakwenda kasi mno kwa nyasi ulizo nazo.

Unyevu upime kabla ya kufunga, maana baridi ya Juni na Julai hukausha polepole. Katakata konzi ya nyasi, tia kwenye chupa kavu na kijiko cha chumvi, tikisa dakika 3. Chumvi ikishikana, ngoja. Ikibaki inamwagika kama mwanzo, anza umande ukishakauka. Robota lililofungwa bichi huvunda, na likirundikwa ghalani hupata joto hata kuwaka moto.

Ukikwama kwenye fundo, piga picha ya ncha zote mbili za kamba, unitumie.

Baba yako