Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wauza Mboga, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Usafi wa soko ulifanyika, misiba minne tulishiriki na rambirambi zilifika, vikao vitatu vilikaa. Hayo mnayajua.

Nije kwenye kadi za CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, maana maneno yamekuwa mengi. Kweli kamati ilichukua fedha za mfuko wa kufa na kuzikana ikawalipia wanachama 40 wasio na bima, shilingi 30,000 kila kaya, jumla 1,200,000, warejeshe kidogo kidogo. Nimesikia "mwenyekiti kajiamulia." Kikao cha jambo hilo kiliitishwa mara mbili, akidi haikutimia, na wanaolalamika zaidi ndio hawakuonekana. Tungengoja mpaka lini? Mfuko wetu ulikuwa hodari wa kununua sanda. Mtu akiumwa tunapitisha bakuli.

Afisa mwandikishaji nilimfuata mimi, nauli yake nikaitoa mfukoni na sijadai. Alishinda pale kwenye meza za nyanya akipiga picha kwa simu, mmoja mmoja. Kadi inabeba watu sita tu. Mama mmoja mwenye mume na watoto sita alibaki anawatazama wanawe, nani aachwe. Huo ni utaratibu wa serikali, si wa kamati. Na aliyekwenda moja kwa moja hospitali ya mkoa bila barua ya rufaa, akatozwa fedha taslimu, asinitukane kwenye kundi la WhatsApp: nilitangaza kwamba matibabu yanaanzia zahanati. Dawa kukosekana dirishani, hapo mna haki. Hata mimi nimeandikiwa nikanunue nje. Wazee wenye vitambulisho vya matibabu bure hawakukatwa chochote, uvumi huo uishe.

Fedha: tulianza na 1,640,000, ada 936,000, marejesho ya kadi 700,000. Zilizotoka ni za kadi, rambirambi 600,000 na shajala 85,000. Benki kuna 1,391,000. Ada ni 2,000 tu kwa mwezi, lakini kati ya wanachama 64 waliokamilisha ni 39. Inasikitisha.

Kadi ni za mwaka mmoja, zitahitaji kuhuishwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ikitufikia huku chini, tutaona la kufanya. Wazo la ghala bado lipo, Mungu akijalia. Wadaiwa wamwone mweka hazina kabla ya kikao cha Februari. Chai itakuwepo, kama ndiyo inayowaleta.

Mwenyekiti